Siku Saruji Ilipoandikwa kwa Wino Mwekundu

Hebu mwone akija. Ni asubuhi, mtaa bado unafagiliwa, naye anatokea kwenye kona ya duka la vioo: mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mkoba begani, viatu vya ofisini ndani ya mfuko wa nailoni, miguuni kavaa kandambili. Haendi mbio wala hajikokoti. Anatembea kama mtu anayelipwa kwa kufika, si kwa kuwahi. Mlangoni anashika ukuta, anavua kandambili, anavaa viatu, na uso unajikunja kidogo cha kushoto kinapoingia. Kisha anapanda ngazi. Zinapokata kona anasimama na kujifanya anatafuta kitu mkobani. Hatafuti kitu, ndugu yangu. Anapumzika.

Huyo ndiye Bi Kilele. Jina alilopewa na mama yake lipo, ila sasa anaitwa hilo na benki tu. Sisi wengine tunamwita kwa kazi yake, na kazi yake ni hii: anafanya katika ofisi ya dalali wa hisa, ghorofa ya pili, na kila alasiri soko likifungwa anatoka ofisini na kuja ukumbini na kalamu mbili nene, nyeusi na nyekundu, kuandika bei za siku kwenye ubao mweupe. Kampuni zote zinaandikwa kwa wino mweusi. Ile ambayo bei yake leo imepita bei zote za mwaka mzima, hiyo imefika kilele cha mwaka, na hiyo ndiyo inapata wino mwekundu.

Simu zinaonyesha bei, nani asiyejua. Lakini watu wa benchi wanasema simu huwezi kuiuliza "eti, kweli?" Kwa hiyo wanakuja. Kuna benchi moja refu linaloutazama ubao, na kila alasiri linajaa watu wenye hisa chache, wengine wana hisa za kampuni moja tu, na wengine hawana hata moja ila wana maoni.

Vinara wa benchi ni wawili. Mmoja ni dereva mstaafu wa malori, mrefu kama nguzo ya umeme. Wa pili ni kinyozi, mfupi kuliko dereva kwa kichwa kizima, ambaye banda lake liko chini ya ofisi hiyo hiyo na huja na kitambaa chake begani. Wino mwekundu ukigusa ubao tu, hao wawili wanaanza.

"Aliye juu mngoje chini," kinyozi atasema. "Mimi ningeuza leo leo."

"Wewe kazi yako kukata, ndiyo maana hutaki kuona kitu kinaota," dereva anamjibu. "Gari likipanda mlima kwa nguvu, abiria mwenye akili harukii nje. Anatafuta kiti."

"Na likiishiwa breki?"

"Breki za nini kwenye kupanda, we mtu?"

Benchi zima linacheka. Bi Kilele hacheki. Si kwamba hana ucheshi, alikuwa nao. Lakini mabishano hayo ameyasikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na anajua yana ubaya mmoja: wote wawili wako sahihi. Kuna hisa zilizofika kilele zikaendelea kupaa hadi watu wakapata wivu. Kuna zilizofika kilele zikaporomoka kama gunia lililokatika kamba. Wino ni ule ule.

Zamani watu walikuwa wakimuuliza, naye akijibu. Kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kumuuliza kuhusu hisa za benki fulani zilizokuwa zimeandikwa kwa wino mwekundu. Akamwambia, "Kaka, subiri zishuke." Hazikushuka. Zilipanda mpaka zikafika mara mbili, na kaka akabaki na akiba yake ile ile. Yeye hakulalamika hata siku moja. Aliyelalamika ni mkewe. Baadaye jirani mmoja alimuuliza kuhusu kampuni ya sukari, naye, kwa kuogopa kurudia kosa, akasema "shika hapo hapo, usiuze." Sukari ikaanguka. Jirani akaacha kumsalimia. Toka hapo Bi Kilele akajifunza kuandika na kunyamaza, na ofisini pia ilikuwa amri: mwandika ubao hatoi ushauri. Bosi aliibandika ukutani karibu na swichi ya taa.

Basi siku moja saruji ikawa nyekundu.

Kampuni ya saruji ilikuwa imelala kwenye ubao huo muda mrefu, nyeusi, bei yake ikizungukazunguka thelathini. Alasiri hiyo Bi Kilele akatoka, akavua kofia ya kalamu nyekundu kwa meno kama kawaida yake, akaandika: SARUJI, 31.

Kwenye mwisho wa benchi alikuwa ameketi mwanamke aliyevaa nyeusi, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni. Fundi cherehani. Alikuwa wifi yake. Ndiye mjane wa yule kaka. Hakuwa mtu wa benchi. Alikuwa amekuja kumletea Bi Kilele sketi aliyomrekebishia, akaambiwa asubiri.

"Wifi," akasema, macho hayajatoka ubaoni. "Ile nyekundu maana yake ndiyo juu kabisa?"

"Juu kabisa kwa mwaka."

"Na redio nayo imesema asubuhi. Saruji inapanda."

Bi Kilele akamtazama, akaifunika kalamu. Alijua kilichokuwa kwenye pochi ya wifi yake. Kiinua mgongo cha marehemu kilikuwa kimetoka baada ya kuzungushwa sana, na kilikuwa na kazi yake. Chumba ambacho wifi anashonea, mwenye nyumba alikuwa anakiuza. Amempa yeye nafasi ya kwanza, ila kwa tarehe: mwisho wa mwezi unaofuata. Ikipita, kuna mtu wa duka la simu anakisubiri. Kiinua mgongo kilitosha kununua chumba. Hakikutosha paa, na paa la chumba hicho lilikuwa linavuja hadi vitambaa vya wateja vinafunikwa kwa karatasi za nailoni kila wingu likipita.

"Nikiziweka huko hizo fedha mwezi mmoja tu," wifi akasema, "zikapanda kidogo, nanunua chumba na paa. Au nimekosea hesabu?"

Hapo ndipo Bi Kilele alipovunja amri ya ukutani. Aliivunja kwa uchovu zaidi kuliko kwa ujasiri, kama mtu anayenyanyua ndoo kwa sababu hakuna mwingine aliyesimama.

"Dereva," akasema, "hebu naomba unisaidie. Simama."

Dereva akasimama.

"Haya, wifi, litazame benchi. Sasa hivi mrefu kuliko wote aliyeketi hapo ni nani?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Aa, sasa dereva akitoka... ni kinyozi."

"Mimi?" Kinyozi akajinyoosha. "Semeni tena kwa sauti, mke wangu asikie."

Kicheko kikapasuka. Bi Kilele akangoja kitulie.

"Kinyozi amerefuka?"

"Arefuke wapi," akasema dereva. "Huyo hata maji ya moto hayamvuti."

"Hajarefuka. Dereva ameondoka tu. Sasa sikiliza, wifi. Mwaka wa soko hauanzi mwezi wa kwanza. Ni miezi kumi na miwili kurudi nyuma kuanzia leo. Ni kama benchi hili: akiketi mmoja upande huu, wa upande ule anadondoka. Mwaka jana wakati kama huu saruji ilikuwa arobaini. Ikaanguka. Ile arobaini ilikuwa bado imeketi ndani ya mwaka, kwa hiyo hii thelathini na moja ingeonekana fupi. Juzi arobaini imedondoka upande ule. Ndiyo maana leo naandika nyekundu. Saruji haijapanda chochote cha kutisha. Mrefu ameondoka."

Hata wakongwe wa benchi, waliokuwa wameutazama wino huo miaka nenda rudi, walikuwa wakidhani nyekundu ni nyekundu.

Wifi akafikiri. Akachomoa sindano moja kwenye kola, akaichomeka tena pale pale.

"Maneno mazuri," akasema taratibu. "Hata yale uliyomwambia kaka yako yalikuwa mazuri."

Wifi hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akampa sketi yake, akaingia ndani, akajaza fomu ya kununua.

Jioni ile bosi alimwita Bi Kilele. Alikuwa amesikia kicheko kupitia mlango.

"Mama, tunaendesha ofisi ya hisa au maigizo?"

"Ofisi, bosi."

"Basi watu wakitaka kununua, waache wanunue."

"Amenunua, bosi."

"Nani?"

"Wifi yangu."

Bosi akamtazama juu ya miwani, akarudi kwenye makaratasi yake. Naye bosi alikuwa na mashemeji.

Wiki zilizofuata saruji iliteremka. Haikuanguka, iliteremka kama mgonjwa anayeshuka kitandani, mguu mmoja, halafu wa pili. Thelathini. Ishirini na tisa. Ishirini na nane na nusu. Kila alasiri Bi Kilele aliandika kwa wino mweusi huku wifi yake ameketi mwisho wa benchi, amejikunyata, akitia kifungo kwenye shati la mtu ili mikono isikae bure. Hawakuzungumza habari za saruji. Walizungumza kuhusu miguu.

"Kile kiatu bado kinakubana, wifi?"

"Kinabana."

"Kipeleke kwa fundi viatu akiweke kwenye kalibu, kipanuke."

"Nitapeleka."

Hakupeleka. Alirudi nyumbani, akaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akakaa hivyo mpaka maji yakapoa. Watu wanadhani alitamani aonekane alisema kweli, na saruji ilipokuwa ikishuka labda moyoni alishangilia kidogo. La hasha. Alikuwa anaomba akosee. Mara moja tu, akosee kwa faida ya mtu.

Ikafika wiki ya mwisho kabla ya siku ya mwenye nyumba, na hapo saruji ikafufuka. Safari hii kulikuwa na sababu: kampuni ilikuwa imetangaza hesabu zake, na faida ilikuwa kubwa kuliko ilivyotegemewa. Jumatatu thelathini na mbili. Jumanne, kabla hata soko halijafungwa, skrini ikaonyesha thelathini na nne, na wanunuzi wamepanga foleni nyuma yake.

Siku hiyo wifi hakungoja alasiri. Alipanda ngazi mchana kweupe, anahema, tepu ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

"Ni ya benchi au ya kweli?" akauliza kabla hata ya salamu.

"Nini?"

"Nyekundu hii. Kuna mtu ameondoka kwenye benchi, au safari hii kinyozi amerefuka?"

Bi Kilele alikuwa na nafasi ya kumdanganya ili auze upesi. Neno moja lingetosha. Lakini kazi humfundisha mtu mazoea, na zoea lake lilikuwa kuandika kile kilichopo.

"Amerefuka," akasema. "Hii ni ya kweli."

"Alhamdu—" wifi akaishia katikati, akacheka, akafuta macho kwa tepu. "Basi naziacha. Mpaka siku ya mwenye nyumba asubuhi, ndipo niuze."

"Haiwezekani, wifi."

"Kwa nini tena?"

"Ukiuza leo, fedha hazikufikii leo. Zinaingia siku ya kazi ya tatu baada ya kuuza. Ukiuza leo unazipata Ijumaa. Mwenye nyumba siku yake lini?"

"Ijumaa."

"Basi ni leo. Ukiuza kesho, zinaingia Jumatatu, na chumba kina simu zinauzwa ndani."

Wifi akaketi. Hakuketi kwenye benchi, aliketi kwenye ngazi, na Bi Kilele akajibana akaketi karibu naye, magoti yakalia. Ndani ya ofisi simu zilikuwa zinaita. Chini, mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma, ikanyamaza, ikanguruma.

"Leo inatosha nini?" wifi akauliza.

"Chumba. Ukitoa ada yetu, inabaki ya paa upande mmoja."

"Upande mmoja."

"Upande wa barabarani, au wa uani. Utachagua."

"Nikisubiri?"

"Sijui."

"Lakini umesema ni ya kweli."

"Ni ya kweli. Ya kweli pia inaweza kugeuka. Na inaweza isigeuke. Wifi, ningekuwa najua kesho ningekuwa bado navaa viatu hivi?"

Wifi akacheka bila kutaka.

"Wajua," akasema, "kaka yako alikuwa haniambii kitu. Ile benki ilipopanda, alikuwa anakuja nyumbani, anakula, anasema 'leo jua kali.' Nikimwambia, 'Dada yako katukosesha,' ananijibu, 'dada yangu aliulizwa, akajibu. Mimi ndiye niliyeuliza.' Nilikuwa nakasirika! Nilitaka akasirike na yeye." Akaikunja tepu kwenye kidole, akaikunjua. "Mimi nimechoka, wifi. Nimezika mume, nimefuata mafao ofisi hadi ofisi, nimekaa kwenye benchi lenu na yule dereva anayenuka tumbaku. Sina tena kichwa cha kuamua. Lete fomu."

Akaletewa fomu ya kuuza. Akaiweka juu ya goti, akatia sahihi chini, sahihi kubwa ya mtu asiyesaini mara nyingi. Sehemu ya juu, panapoandikwa uza au ngoja bei fulani, akapaacha patupu. Akamrudishia.

"Andika wewe."

"Wifi, mimi siruhusiwi..."

"Nani kakuuliza ruhusa? Nakuomba kama dada wa mume wangu. Kaka yako angekuwa hapa angekuomba hivyo hivyo. Andika."

Akasimama, akashuka ngazi, na sauti za viatu vyake zikaishia mtaani.

Bi Kilele akabaki na karatasi. Akaingia ndani, akaketi mezani pake, akaitazama skrini. Thelathini na nne na robo. Foleni ya wanunuzi ilikuwa imerefuka. Kila mtu mle ofisini alikuwa ananunua, hata bosi alikuwa ananguruma kwenye simu, "Panda, panda, bado ina mwendo!" Na kila alichokijua Bi Kilele, kila alichokiona kwenye ubao ule miaka yote, kilimwambia kwamba safari hii bosi hakosei. Faida ile ilikuwa kubwa. Watu walikuwa hawajaisoma vizuri. Saruji ilikuwa na mwendo.

Akakumbuka benki ya kaka yake. Akakumbuka sukari ya jirani. Akafikiri juu ya mtu wa duka la simu, ambaye hakuwahi kumwona, akimfikiria anapima ukuta kwa macho.

Akaandika: uza, bei ya soko, leo.

Akampelekea kijana mmoja wa tai, anayeingiza maagizo kwenye kompyuta. Kijana akainua macho. "Mama, una hakika? Hii bado inapanda."

"Najua inapanda," akasema. "Weka."

Ikauzwa mara moja, kwa sababu hisa inayotafutwa haikawii. Na soko lilipofungwa akatoka kuja ukumbini, akavua kofia ya kalamu kwa meno, akaandika SARUJI kwa wino mwekundu huku dereva akipiga makofi na kinyozi akitikisa kichwa.

Ijumaa wifi alilipa, akapewa ufunguo na karatasi ya chumba. Fundi wa paa aliweka mabati upande wa uani, akaacha wa barabarani na makopo yake ya kukingia maji.

Na saruji? Saruji haikusimama, ndugu yangu. Wiki iliyofuata thelathini na sita. Baadaye thelathini na tisa. Ikapita ile arobaini ya zamani kana kwamba haikuiona. Karibu kila alasiri Bi Kilele alichukua kalamu nyekundu, na mkono wake ukawa mzito kuiinua. Dereva akanunua za kwake, akauza chache kwa faida, akamnunulia mkewe friji, akaja kulisimulia benchi friji hilo mpaka kinyozi akasema watu waanze kulipa kiingilio.

Alasiri moja ya mvua wifi alipanda ngazi. Alikuwa ameacha mashine, kwa sababu mvua ikinyesha hivyo anaisukuma upande wa uani, na upande wa uani hauna mwanga wa kutosha. Aliketi kwenye nafasi yake mwisho wa benchi, mabega yamelowa. Bi Kilele alikuwa anaandika. SARUJI, 44, nyekundu.

Wifi akaisoma. Hakuna aliyehitaji kumpigia hesabu. Fundi cherehani anajua kupima. Paa lote, na dari juu yake, na mashine ya pili.

Watu wakaondoka mmoja mmoja wakijifunika magazeti. Wakabaki wao wawili na ubao. Bi Kilele akachukua kitambaa, akasimama tu nacho mkononi.

"Chumba kizuri," wifi akasema hatimaye. "Sasa hivi hakuna wa kunigongea mlango."

"Namshukuru Mungu."

"Nami namshukuru." Akatazama tena ile nyekundu. Hakuwa na hasira usoni, na shukrani pia haikuwepo. Kulikuwa na kitu katikati, kimechoka kama wao. "Nataka kukuuliza, wifi, na usinifiche. Zingekuwa ni zako, si zangu, siku ile ungeuza?"

Mvua ilikuwa inapiga kioo cha dirisha la ngazi. Bi Kilele, ambaye hajawahi kumiliki hata hisa moja maishani mwake, akakikunja kitambaa mkononi. Akageukia ubao, akaanza kufuta kuanzia chini, kampuni moja baada ya nyingine, hadi ikabaki saruji peke yake.

Wifi bado anangoja jibu. Na wewe uliyekaa nami mpaka hapa, ungekuwa ndiye uliyeshika kitambaa kile, ungemwambia nini?